Jumapili Tuliyokwenda Kutazama Ndege

Furushi la mke wangu lilikuwa limefungwa tangu Ijumaa jioni, limewekwa karibu na mlango wa chumba chetu cha kupanga mjini Shinyanga. Ndani yake mlikuwa na kanga, chumvi, mche wa sabuni kwa ajili ya mama yake na kilemba cha kujifunga kichwani juani. Alikuwa anakwenda kwao, upande wa Kishapu, kuamia ndege, yaani kuwafukuza shambani.

Ujumbe ulikuwa umeletwa mchana huo na jirani yao, mtu mcheshi aliyekuja mnadani kuuza dume la ng'ombe. Alikunywa maji yetu, akafuta mdomo, akasema, "Mama yako anasema uje. Mtama umeingia maziwa." Basi, hakuhitaji kueleza zaidi. Punje za mtama zikiwa changa, ukiziminya zinatoa maji meupe kama maziwa, na huo ndio wakati ndege wanapozipenda kuliko wakati wowote. Kila mwenye mikono anatakiwa shambani tangu alfajiri mpaka jua linapozama. Unapanda juu ya dungu, yaani jukwaa la miti lililoinuliwa juu ya masuke, una kombeo lako na vidonge vya udongo, una debe la kupiga, na una sauti yako.

Kwa mama mkwe wangu mtama ule haukuwa chakula tu. Alikuwa mjane. Mumewe alipofariki, mdogo wa marehemu alitaka kumrithi, kama ilivyokuwa desturi, na yeye akakataa. Wazee wa ukoo walikaa wakabishana siku nzima, mwishoni wakakubaliana hivi: abaki katika mji wake, yaani kaya yake, alime shamba lake, mradi ajilishe kwa jasho lake mwenyewe. Mwaka ambao kihenge chake kitakosa nafaka, atahamia kwa shemeji yake, ambaye wakati huo alikuwa amekwenda na ng'ombe wake kutafuta ardhi mpya upande wa Geita. Kila mtu pale kijijini aliyajua makubaliano hayo. Mke wangu aliyajua tangu msichana, na alinieleza kabla hatujaoana, ili nisije nikashangaa kila msimu anapoondoka.

Kwa hiyo nilijua. Naandika hivyo mapema ili msomaji asinionee huruma nisiyostahili.

Nilikuwa karani katika ofisi ya kilimo. Nilikuwa nimesoma sekondari Tabora, nilivaa shati jeupe na kaptura iliyopigwa pasi, na bosi wangu, bwana shamba wa Kizungu, aliniamini kiasi cha kuniachia funguo za kabati. Bwana huyo alikuwa na mapenzi ya ndege. Jumapili jioni nilimwona mara nyingi akitembea na mkewe chini ya miti ya boma, darubini shingoni, chupa ya chai mkononi. Wanasimama, yeye anaonyesha kidole juu, mkewe anainua uso, wanacheka polepole ili wasimtishe ndege. Sikuwaonea wivu wa nyumba yao wala gari lao. Niliwaonea wivu wa kule kusimama pamoja. Kwetu sikuwahi kuona mume na mke wakienda mahali bila sababu, bila kubeba kitu, bila kumfuata ng'ombe au kwenda msibani.

Juma hilo bwana shamba alikuwa anakwenda safari ya kikazi, na aliniazima darubini mpaka Jumatatu. Nilikuwa nimemwomba kwa muda mrefu.

Lori la Kishapu lilikuwa linaondoka Jumamosi mchana, na jingine lilikuwa Jumanne. Nikamwambia mke wangu asiende na la Jumamosi.

"Jumapili moja tu," nilisema. "Twende bustanini, tutazame ndege. Jumanne utaondoka."

Aliniangalia kama mtu aliyesikia vibaya. "Mama ananiita nikafukuze ndege, wewe unanizuia nikawatazame?"

"Si ndege wale wale."

"Karani," alisema. Aliniita hivyo akitaka kunitania au akiwa amekasirika, na siku hiyo sikujua ni lipi. "Mama yuko peke yake."

"Jirani yupo. Na siku mbili tatu ndege watafanya nini? Watamaliza shamba zima?"

Tulikuwa na miezi michache tu tangu tuoane. Bado alikuwa hajajifunza kunikatalia, nami nilikuwa sijajifunza kwamba kunyamaza kwake si kukubali. Lori lilipita barabarani likipiga honi mbele ya maduka ya Wahindi, na sote wawili tulilisikia.

Jumapili tuliondoka mapema, umande ukiwa bado kwenye majani. Nilitaka kila kitu kiwe kama nilivyokiona kwa wale wengine, kwa hiyo tulibeba chai. Hatukuwa na chupa ya kuhifadhi moto, nikaitia katika chupa ya bia iliyooshwa, nikaivalisha soksi yangu nene. Mke wangu aliicheka soksi ile njia nzima. "Umeivalisha chai, mimi nimevaa kandambili," alisema. Nami nilifurahi, nikadhani mambo yamekwisha.

Bustani ya boma ilikuwa na mijakaranda, miarobaini na mikrismasi, na nyasi zilizomwagiwa maji hata wakati wa kiangazi. Mtunza bustani alikuwa Mzaramo, mtu mzima aliyekuja bara na reli akasahau kurudi. Mke wangu alimpigia magoti kidogo, "Shikamoo, baba," naye akaitikia "Marahaba, mwanangu," kwa adabu zote. Kisha akanigeukia mimi, na kwa kuwa Wazaramo na Wasukuma ni watani, adabu ikaishia hapo.

"Leo Msukuma kavaa darubini! Ng'ombe gani kapotea, ndugu yangu?"

"Natafuta Mzaramo anayefanya kazi," nikamjibu. "Tangu asubuhi sijamwona."

"Hutamwona. Hiyo miwani inaonyesha ng'ombe tu." Akamwambia mke wangu, "Mama, akianza kulia kama fahali, niite."

Mke wangu alicheka mpaka akashika mti. Tukaketi chini ya mwarobaini. Nilimfundisha kama nilivyofundishwa: usitazame ndege mzima kwa mara moja, tazama mdomo kwanza, halafu miguu, halafu mkia. Tulimwona chozi akifyonza maua mekundu, mdomo wake umepinda kama sindano ya kushonea gunia. Tuliona kwenzi, migongo yao inang'aa buluu kwenye jua. Kwenye ukingo wa nyasi yangeyange walitembea nyuma ya mtu aliyekuwa akifyeka, kama wanavyotembea nyuma ya ng'ombe. Halafu wakaja wale kasuku wadogo wa kijani wenye shingo za rangi ya chungwa, wawili, wakakaa ubavu kwa ubavu kwenye tawi, mmoja akimchokoa mwenzake manyoya ya kichwani.

"Anamtafuta chawa," mke wangu alisema, darubini machoni.

"Wanapendana."

"Hata mama alikuwa akinitafuta chawa." Akaishusha darubini. "Saa hizi yuko juu ya dungu. Asubuhi huwa hali mpaka ndege wa alfajiri wapite."

Nikamwonyesha hondohondo aliyetua kwenye mjakaranda. Niliona wazi kwamba nambadilishia mazungumzo, naye aliona.

"Huyu analiwa?" akauliza.

"Hatukuja kuwinda, mayu," nilisema, kama Wasukuma tunavyomwita mama.

"Nauliza tu. Mwenye mdomo mkubwa hivyo lazima ana supu."

Tulikunywa ile chai ikiwa imepoa. Tukahamia bustani ndogo ya karibu na stesheni, ambako hakukuwa na kitu ila tetere na kunguru, na watu waliosubiri treni ya Mwanza wakatutazama sisi badala ya sisi kutazama ndege. Mwanamke mmoja alimwuliza mke wangu kwa Kisukuma kama mume wake ni mgonjwa wa macho. Mke wangu akamjibu kwamba ndiyo, maskini, tangu utotoni. Lazima niseme kwamba mpaka hapo ilikuwa siku nzuri. Kwa miaka mingi nilijaribu kuikumbuka kama siku mbaya kuanzia mwanzo, ingekuwa rahisi zaidi, lakini haikuwa hivyo. Alinishika mkono tulipokuwa tunavuka reli. Mchana, mbele za watu, mke wangu alinishika mkono.

Ilipofika alasiri nilitaka kwenda lamboni, nje kidogo ya mji, kwa sababu bwana shamba aliniambia ndege wa majini huja kunywa jua likipungua. Tukaenda na baiskeli, yeye nyuma kwenye kiti cha mizigo. Tulikaa kwenye tuta la lambo. Palikuwa na korongo waliosimama kwenye tope, na mdiria aliyekuwa akijitupa majini kama jiwe.

Ndipo upande wa mashariki nikaona kitu nilichodhani ni moshi. Kilikuwa kirefu, cheusi kidogo, kinakwenda na kugeuka. Kikajikunja, kikawa chembamba, kikajaa tena. Halafu sauti ikatufikia, kama mvua inayotembea juu ya majani makavu, nami nikajua ni ndege. Walikuwa wengi kiasi kwamba kila walipopita mbele ya jua kivuli kilikimbia juu ya maji. Walishuka kunywa kwa makundi, wale wa nyuma wakiruka juu ya wale wa mbele, wimbi juu ya wimbi, na walipoinuka tena maji yaliachwa yanatetemeka. Niliweka darubini machoni. Midomo myekundu, miili midogo kama ya shomoro.

"Tazama!" nilisema. "Tazama! Umewahi kuona kitu kama hiki?" Nikamnyooshea darubini bila kugeuka.

Hakuipokea. Nilipogeuka nilimkuta amesimama.

"Kwelea kwelea," alisema. "Twende."

"Jua bado lipo."

"Twende kwa mama."

"Sasa hivi?"

"Kwa baiskeli. Tukiondoka sasa, alfajiri tumefika. Nitakusaidia kusukuma kwenye mchanga."

"Hawa wako hapa, mke wangu. Hawako kwa mama yako."

"Hawa wakifika hapa, wamefika kila mahali. Huoni wametoka wapi? Wametoka mashariki." Alikuwa anazungumza polepole, kama anayemweleza mgeni njia. "Yuko peke yake. Shamba lina pande mbili. Mtu mmoja hawezi pande mbili."

Nikampa sababu zangu. Kesho ni Jumatatu, nina kazi. Darubini ya watu lazima irudi kabatini. Njiani usiku kuna fisi. Tairi la nyuma halina nguvu. Sababu zote zilikuwa za kweli, na hata moja haikuwa ndiyo sababu. Nilitaka kuwaona wakitua. Bwana shamba alikuwa ameniambia kwamba jioni kundi kama hilo huingia kwenye miti ya miiba lote kwa pamoja, na matawi huinama kwa uzito, na kwamba yeye mwenyewe hajawahi kuliona. Nilitaka nimwambie kwamba mimi nimeliona.

"Jumanne tutakwenda wote," nilisema. "Nitaomba ruhusa."

"Sawa, Karani," alisema, na safari hii haukuwa utani. Akaketi chini, akaipa kisogo lambo, akasubiri nimalize.

Nami nikamaliza. Niliwaona wakitua. Ilikuwa kama nilivyoambiwa.

Jumanne tulipanda lori juu ya magunia ya chumvi. Tuliteremka njiapanda ya kwao, tukaanza kutembea. Shamba tuliliona kwa mbali kabla ya nyumba, na mimi, mtu wa ofisi ya kilimo, kwa nukta chache nilifurahi kwa sababu mtama ulikuwa umesimama wima. Yeye alikwisha kuanza kukimbia. Mtama wenye punje huinamisha kichwa. Ule ulisimama wima kwa sababu haukuwa na kitu cha kuuinamisha.

Mama yake alikuwa bado juu ya dungu la upande wa njia, anazungusha kombeo. Alikuwa anapiga kelele lakini sauti haikutoka, ilikuwa imekwisha, mdomo unafunguka tu. Upande wa pili wa shamba, kule bondeni, palikuwa na dungu jingine, jipya, miti yake bado ina magome mabichi. Debe lilikuwa limening'inizwa tayari, na vidonge vya udongo vimepangwa vikakauka. Lilikuwa dungu la binti yake.

Jirani yule wa mnadani alikuja akiwa amechoka, macho mekundu. Hata yeye alikuwa amepoteza, ingawa si kama pale. Kwake walikuwa watu sita. Aliniambia bila kunilaumu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Ndege walikuja Jumatatu asubuhi. Mama akiwa upande wa njia wanashuka bondeni, akikimbilia bondeni wanashuka upande wa njia. Alikimbia hivyo siku nzima.

"Angekuwapo mtu wa bondeni," alisema, "labda nusu ingebaki. Labda."

Hilo "labda" nimeishi nalo. Watu wenye ujuzi wameniambia baadaye kwamba kundi la namna ile halizuiwi na mwanamke mmoja zaidi. Wengine wameniambia kwamba linazuiwa, ndiyo maana majirani walivuna kidogo. Sijui. Ninachojua ni kwamba mtu huyo wa bondeni alikuwa na miguu miwili na nia ya kusafiri usiku, na niliyemkalisha kwenye tuta la lambo ni mimi.

Nilitaka kwenda kwa mama mkwe nikamwambie. Lakini kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe wake hawakaribiani. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja huingia porini kumpisha mwenzake. Ni heshima, na nimelelewa nayo. Aliponiona alijifunika kanga kichwani akanipa mgongo, kama ilivyompasa, na mimi nikasimama pale pale, kama ilivyonipasa. Nilipomwomba mke wangu anisemee, alijibu, "Nitasema umekuja."

Kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nilikwenda nikapanda lile dungu la bondeni na shati langu la ofisini. Nikapiga debe, nikapiga kelele. Makundi madogo yalikuwa bado yanapita. Jirani alikuja akasimama chini, mikono nyuma.

"Shuka, Karani," aliniambia. "Unamfukuza nani? Wameshashiba."

Nilirudi mjini peke yangu. Mke wangu alibaki mpaka mavuno, ambayo hayakuwa mavuno. Walichopata kilitosha uji wa siku chache tu. Nilinunua magunia ya mtama kwa mkopo wa mshahara nikayapeleka kwa lori, na yakarudishwa na lori lile lile. Mama mkwe alisema makubaliano ya wazee yalikuwa jasho lake, hayakutaja jasho la mkwe. Nilipendekeza aje akae kwetu, na mke wangu akaniuliza angekaa wapi, katika chumba kimoja, na mimi nikiwa humo. Sikuwa nimefikiri.

Yule shemeji ya mama mkwe alikuja mwenyewe kutoka Geita na mkokoteni wa ng'ombe. Sikupenda kugundua kwamba alikuwa mtu mwema. Hakumsimanga, hakumkumbusha kwamba alimkataa. Alibeba kinu na mawe ya kusagia kwa mikono yake. Alikuwa anafanya biashara ya kuwapelekea vyakula wachimbaji wa dhahabu, mji wake ulikuwa mkubwa, wake wengi, kazi nyingi. Majirani walisaidia kubomoa nyumba ili miti yake isipotee, na shamba akapewa kijana wa ukoo aliyekuwa anatafuta pa kuanzia.

Mke wangu alirudi kwangu. Tulizaa, tukalea, tukahamishwa vituo mara kadhaa, na hakunitupia jambo lile usoni hata siku tulipogombana kwa mengine. Nilimwomba radhi, si mara moja. Kila mara alisema, "Yamepita." Lakini Jumapili nilipomwambia twende tukatembee alikuwa na nguo za kufua.

Nilikwenda Geita mara moja tu, kupeleka salamu za mtoto wetu wa kwanza. Wanawake walikuwa uani wanapura mtama wa mwenye mji. Mmoja wao aliinuka nilipotokea langoni, akaingia ndani, na hakutoka mpaka nilipoondoka. Nilikaa kwenye kigoda nikinywa togwa na shemeji yake, nikitazama mlango ule. Mwanamke anayemheshimu mkwe wake angefanya hivyo hivyo. Na mwanamke asiyetaka kumwona tena angefanya hivyo hivyo. Desturi ilitufunika wote wawili, nami sikuwa na njia ya kuuliza.

Baadaye mke wangu alikuwa akienda peke yake kumwona. Safari moja aliporudi nilimwuliza mama hajambo, na anaishije kule.

Alikuwa anafungua mizigo, hakuinua kichwa. "Hajambo. Anasema anakula, analala, na asubuhi anaambiwa kazi ya kufanya."